Sindano ya mguuni kwa kina mama wenye MS wanaosumbuliwa na mkojo

Kina mama wenye MS (ugonjwa wa neva uitwao maltipo sklerosisi) ganzi na uchovu watakueleza vizuri tu ila la mkojo wengi hawalisemi mpaka uwaulize, na ndo linalowafungia ndani, mtu hapandi basi, haendi harusini, usiku anaamka mara nyingi, na mkojo ukimbana hafiki chooni. Sio uzembe jamani. MS inaharibu utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, kwa hiyo taarifa kati ya ubongo na kibofu zinafika vibaya, kibofu kinajikaza chenyewe hata mkojo ukiwa kidogo.

Sasa kuna tiba watu wakiisikia wanaguna, eti uchomwe mguuni ili kibofu kitulie. Kwenye akupancha, ile tiba ya Wachina ya kuchoma sindano nyembamba, kuna pointi inaitwa Sanyinjiao, iko upande wa ndani wa mguu, upana wa vidole vinne juu ya kifundo. Jirani na hapo inapita neva ya tibia, na hiyo asili yake mgongoni inakutana na neva za kibofu, ndo maana ukiigusa huku chini kule juu kunatulia. Miaka ya 1980 daktari Edward McGuire wa Marekani alijaribu kuipitishia umeme mdogo, baadae Marshall Stoller kule San Francisco akaendeleza njia ya sindano nyembamba. Unakaa, sindano inaingia, waya unaungwa, unasikia kidole gumba cha mguu kinacheza au unyayo unasisimka, dakika 30 basi, mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Msikate tamaa wiki ya tatu, nafuu inakuja polepole. Anayeogopa sindano kuna pedi za umeme za kubandika juu ya ngozi.

MS yenyewe haiponi kwa hii, nasema wazi, inapunguza kubanwa na kuvuja.

Ila kwanza upimwe mkojo kuona kama una UTI, halafu ultrasaundi baada ya kukojoa waone unabaki kiasi gani, maana kuna ambao MS inawafanya washindwe kuumaliza na hao wengi wao wanahitaji kufundishwa kujiwekea katheta, yaani mpira wa kutolea mkojo. Mwenye pesimeka (kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo), mjamzito au anayetoka damu kirahisi asifanye bila daktari wake kuamua. Na dada zangu msijinyime maji, mkojo mzito unakera kibofu zaidi. Siku tatu kabla ya kliniki andika kwenye daftari umekunywa nini na umeenda chooni saa ngapi, uje nalo.