Feni haipozi hewa, chukua themometa uone mwenyewe

Wanafunzi wakija maabara kwetu nawaulizaga swali moja tu, themometa kavu nikiipulizia feni dakika kumi itashuka au haishuki, na karibu wote wanasema itashuka. Haishuki. Kama chumba kina digrii 30 itabaki 30 hata upulize mpaka jioni, maana feni inasogeza hewa tu.

Sasa chukua pamba, iloweke kwenye maji yaliyoshinda humo humo chumbani, yaani nayo ni digrii 30 zilezile, izungushie ile ncha ya chini ya themometa halafu washa feni. Angalia mstari: 29, 28, 27, unateremka taratibu mpaka unafika mahali unagoma. Siku hewa ikiwa kavu unateremka sana, ikiwa na unyevu mwingi unateremka kidogo, na tofauti hiyo hiyo ndio watu wa hali ya hewa wanaitumia kupima unyevu.

Hakuna kitu cha baridi tumeweka pale, sasa imekuwaje? Molekuli za maji hazina mwendo mmoja, zipo za kasi na zipo za polepole, zile za kasi ndizo zinachomoka juu zinaondoka na nishati yao, zinabaki za polepole, na hapo ndipo halijoto inashuka. Feni kazi yake ni kufukuza mvuke uliosimama karibu na pamba ili nyingine zipate nafasi ya kutoka. Huo ndio uvukizi, unatokea juu ya uso wa maji kwenye halijoto yoyote ile, hausubiri digrii 100 kama kuchemka.

Halafu jamani joto na halijoto ni vitu viwili, hapa mnapoteza maksi nyingi mno na inaniuma! Joto ni nishati, linapimwa kwa jouli. Themometa haisomi jouli, inasoma halijoto, tena halijoto yake yenyewe, ndio maana unaisubiri kwanza ilingane na kile unachopima.

Gramu 1 ya jasho ikikauka kwenye ngozi inaondoka na jouli kama 2400, joto la kutosha kupandisha nusu lita ya maji digrii 1 na chenji inabaki. Lakini lazima ikaukie mwilini, jasho linalodondoka chini bado halijakupoza, na ndio maana siku ya unyevu mwingi unalowa chapachapa na joto liko palepale.