AV OUT ni nini? Kuunga DVD ndogo ya kubeba kwenye TV ya sebuleni

AV OUT ni tundu ambalo mashine inatolea picha na sauti kwenda kwenye mashine nyingine. A ni audio yaani sauti, V ni video yaani picha, OUT ni kutoka. Basi. Ila watu wengi hapa Dar wana zile DVD ndogo za kubeba, zinazofunikwa kama laptop, kioo inchi saba au tisa hivi, wanataka kuziunga kwenye TV kubwa wanahangaika siku nzima, afu mwisho wanaambiwa na muuza duka kwamba mashine imekufa wanunue nyingine, wakati mashine ni nzima kabisa, shida ni tundu tu halijaeleweka. Hii inaniuma kwa sababu kwa familia nyingi hiyo DVD ndogo ndo kitu pekee kilichobaki ndani kinachosoma CD, deki kubwa zilishakufa zamani au ziliuzwa, na kabatini bado kuna DVD ya harusi ya baba na mama, send-off ya dada, ubatizo, hata msiba wa babu, vitu ambavyo hakuna YouTube itakayokutafutia.

Cha kwanza kuelewa ni uelekeo. Waya wa AV wenyewe hauna mbele wala nyuma, ni shaba tu ndani yake, mashine ndo zinaamua nani anatoa na nani anapokea. DVD inatoa, TV inapokea, kwa hiyo waya unatoka AV OUT ya DVD unaingia AV IN ya TV. Ukiunga OUT kwa OUT au IN kwa IN kioo kitabaki cheusi hata ukae mpaka asubuhi. Sasa kinachochanganya ni kwamba hizi DVD ndogo nyingi zina upande wa kupokea pia, yaani zina AV IN, maana kioo chake kinaweza kutumika kama TV ndogo, na kuna nyingine zina tundu moja tu linalofanya kazi zote mbili limeandikwa AV au AV IN/OUT, hapo lazima uiambie mashine unataka itoe au ipokee, kwa swichi ndogo pembeni au kitufe cha MODE au kwenye menyu ya SETUP. Ikiwa imekaa upande wa kupokea, CD inaweza kuwa inazunguka lakini TV haipati kitu, na kioo cha DVD yenyewe nacho kinakuwa cha bluu au cheusi kwa sababu kinasubiri picha ije kutoka mashine nyingine. Hiyo ndo inayopelekwa sana kwa mafundi Kariakoo bila sababu.

Afu kuna tundu la hedifoni. Jamani hili tundu. Linafanana na AV OUT kila kitu, ukubwa ule ule wa milimita 3.5, limekaa jirani kabisa, na kwenye mashine zingine maandishi yamefutika au ni kamchoro kadogo hata hakaonekani. Ukichomeka waya wa AV kwenye tundu la hedifoni TV inatoa sauti safi kabisa lakini picha hakuna, kwa sababu lile tundu linatoa sauti peke yake, kushoto na kulia, picha haijapelekwa pale kabisa. Kwa hiyo ukiona sauti ipo na picha hakuna, kabla hujafanya kitu kingine hamisha pini kwenye tundu la jirani.

Waya wenyewe sasa. Upande mmoja una pini moja nyembamba kama ya hedifoni, upande wa pili una vichwa vitatu vya rangi, njano ni picha, nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni sauti ya kulia. Hivi vichwa vya rangi mafundi wanaviita RCA, ni kutokana na kampuni ya Marekani ya Radio Corporation of America, vilianza zamani sana kwenye redio na gramafoni kabla hata TV hazijaenea. Rangi ni ya kukusaidia usichanganye tu, ndani waya ni karibu zile zile, kwa hiyo kama unatumia ule waya mwingine wenye vichwa vya rangi pande zote mbili na wa njano umekatika, unaweza kuchomeka mwekundu kwenye tundu la njano upande wa TV na upande wa mashine pia ukautumia kupitisha picha, kwa waya mfupi wa mita moja mbili picha inafika vizuri tu, ila kwa waya mrefu tafuta wa video wenyewe.

Ile pini nyembamba ndo yenye mambo. Iangalie vizuri utaona imegawanywa na mistari myeusi. Pini ya hedifoni ya kawaida ina mistari miwili, yaani sehemu tatu, kushoto, kulia na ethi (njia ya umeme kurudi). Pini ya AV ina mistari mitatu, sehemu nne, kwa sababu imeongezeka picha. Ukinunua waya wenye mistari miwili unaoenda kwenye nyekundu na nyeupe, huo ni wa kuungia simu kwenye sabufa, hauwezi kupitisha picha na wala hauna kosa lolote, siyo kazi yake. Na hata ukipata wenye mistari mitatu bado kuna mtego, watengenezaji hawakukubaliana ile sehemu ya nne ikae wapi, wengine wameweka ethi kwenye sehemu ya tatu na picha chini kabisa, wengine wamegeuza. Pini inaingia, inabana vizuri, lakini unasikia mngurumo kwenye spika na picha inatetemeka au haipo kabisa. Hapo DVD haina tatizo, waya ni wa mashine nyingine, labda ni wa kamera au wa king'amuzi. Kabla hujautupa jaribu kuhamisha vichwa kule kwenye TV, chomeka mwekundu kwenye tundu la njano, afu mweupe, kuna waya ambazo picha inatokea kwenye mwekundu na ukifanya hivyo tu kila kitu kinakaa sawa. Ikigoma kote basi ethi ndo imekaa vibaya, hiyo huwezi kuidanganya kwa kuhamisha rangi, nenda dukani NA MASHINE YAKO mkononi. Narudia, na mashine. Ukienda mtaa wa Aggrey au Likoma pale Kariakoo ukasema tu nataka waya wa AV utapewa wowote uliopo juu, ila ukiwa na mashine unamwomba auchomeke kwenye TV yake pale pale uone picha ndo utoe hela, na wauzaji wengi hawakatai.

Upande wa TV. Zile za chogo nyingi zina matundu matatu nyuma au pembeni, njano kwa njano nyeupe kwa nyeupe umemaliza, na kama tundu la sauti ni moja tu chomeka nyeupe. Zile za zamani kabisa zenye tundu la antena peke yake ni kesi nyingine, AV haiingii kwenye tundu la antena mpaka uwe na kifaa cha katikati cha kuigeuza iwe kama chaneli. Flati ndo zina vituko vyake, unakuta tundu la njano halipo, kuna la kijani limezungushiwa njano limeandikwa Y/VIDEO, basi njano yako inaingia hapo hapo kwenye kijani, ndivyo lilivyotengenezwa, litumike kwa mifumo miwili. Ila kwenye rimoti uchague AV, siyo Component (ule mfumo wa pili, unaopitisha picha kwenye waya tatu), ukikosea hapo picha inaweza kuja bila rangi kwa sababu TV inachukua mwanga tu kwenye ule waya na rangi inaisubiri kwenye matundu mengine. Kuna flati nyingine zina katundu kembamba tu pembeni kameandikwa AV IN, zinakuja na kipande chake cha waya cha kubadilisha, na kile kipande watu wanakitupa na boksi. Tafadhali msitupe.

Na baada ya kuchomeka TV haiji yenyewe. Lazima ubonyeze SOURCE au INPUT kwenye rimoti ya TV (ya king'amuzi haihusiki hapa) uchague AV au AV1 au Video. Hapo ndo watu wengi wanakwama na ni kitufe kimoja tu.

Nielezee kidogo kwa nini waya mmoja wa njano unabeba picha nzima, maana ukielewa hili hutasumbuliwa na tatizo la rangi tena. Mwanga wa picha, rangi yake na alama za kuiambia TV mstari unaanzia wapi unaishia wapi, vyote vimechanganywa vikapitishwa kwenye waya mmoja, umeme wenyewe ni mdogo sana karibu volti 1 tu. TV ikipokea inachambua. Sasa kuna namna mbili kubwa za kuchanganya, PAL na NTSC. PAL ina mistari 625 na picha 25 kwa sekunde, ndo tunayotumia Tanzania, NTSC ni ya Marekani na Japani, mistari 525 na picha karibu 30 kwa sekunde. Rangi kwenye PAL imewekwa kwenye masafa ya megahezi 4.43, kwenye NTSC ni 3.58, kwa hiyo TV inayojua PAL tu ikiletewa NTSC inaitafuta rangi pale ilipozoea haioni, inakuonyesha picha nyeusi na nyeupe, au picha inapanda juu kama inakimbia. Mashine zilizokuja na ndugu kutoka Marekani, na baadhi ya za mtumba, mara nyingi zinakuwa zimewekwa NTSC. Dawa ni kuingia SETUP ya DVD, sehemu ya TV TYPE au TV SYSTEM, weka PAL au AUTO. Kwenye menyu hiyo hiyo kuna 4:3 na 16:9, ya chogo weka 4:3 na flati weka 16:9, vinginevyo bibi harusi atatokea mnene au mwembamba kuliko alivyokuwa siku ile.

Kama TV yako ina HDMI tupu (lile tundu bapa la dijitali linalopitisha picha na sauti pamoja), hapo unahitaji kiboksi cha kubadilisha, na hapa naomba msome taratibu. Vipo vya aina mbili na sura ni moja, AV2HDMI na HDMI2AV. Wewe unataka AV2HDMI, AV inaingia HDMI inatoka, na hakiwezi kugeuzwa, ukichukua kile kingine ni hela imepotea. Kinahitaji umeme wa volti 5 kupitia waya wa USB, unaweza kuuchomeka kwenye USB ya TV yenyewe au chaja ya simu. Kuna na waya zinauzwa upande mmoja HDMI upande mwingine rangi tatu, hazina kiboksi chochote katikati, hizo kwa kazi hii hazifai kwa sababu AV ni analojia na HDMI ni dijitali, shaba peke yake haiwezi kubadilisha moja kuwa nyingine. Na kiboksi hakifanyi picha ya harusi ya zamani iwe HD, DVD ya PAL ni nukta 720 kwa 576, kiboksi kinaikuza tu ijae kioo. Tundu la USB la TV nalo siyo njia, lile ni la kusoma mafaili kwenye flashi, DVD huwezi kuipitishia hapo.

Nyumba nyingi za Dar tundu la AV limeshikwa na king'amuzi. Tangu matangazo ya TV ya analojia yazimwe hapa mjini tarehe 31 Desemba 2012 kila sebule ikapata king'amuzi na waya wa rangi tatu, ndo maana watu wanazijua hizo rangi hata kama hawajawahi kuwa na DVD. Kama king'amuzi chako kina HDMI na TV yako ina HDMI kihamishie huko, AV ibaki ya DVD, picha ya king'amuzi nayo itapendeza zaidi. Kama TV ni ya chogo nunua kiboksi cha kuchagulia, chenye vitufe, unaunga vyote viwili unabonyeza unachotaka, ni bora kuliko kuchomoa kila siku mpaka matundu yalegee.

Ukishaona nembo ya DVD au menyu kwenye TV, kuunga kumeisha. Kikitokea tena kitu kama CD kukwama au maandishi ya REGION (kufuli la CD kwa eneo la dunia inakouzwa), hiyo ni habari ya CD yenyewe, siyo waya. Tanzania tuko REGION 5, CD halisi iliyonunuliwa Marekani ni REGION 1, na mashine iliyofungwa upande mmoja itaikataa hata kwenye kioo chake chenyewe. DVD za harusi zinazochomwa hapa hapa huwa hazina kufuli hilo.

Na ile AV IN usiidharau. TV ikiharibika na kuna mechi, chukua waya ule ule wa rangi tatu, toa picha kwenye AV OUT ya king'amuzi ingiza kwenye AV IN ya DVD ndogo, swichi weka upande wa kupokea, na kioo cha inchi tisa kinakuwa TV yako mpaka fundi amalize. Hapo pia hakikisha pini ni ya mistari mitatu.