Je, wajua kwa nini mafua ya binadamu huchunguzwa kwenye pua ya mnyama mdogo aitwaye fereti?

Mwaka 1936, katika maabara moja ya London, daktari kijana aitwaye Charles Stuart-Harris alikuwa akimkagua fereti mgonjwa. Fereti akapiga chafya, ikamtua usoni. Siku mbili hivi baadaye Stuart-Harris alikuwa kitandani: homa, kichwa kinagonga, viungo vyote vinauma. Wenzake wakamsukutulisha koo, wakayakinga yale maji na kuyapima. Kirusi walichokikuta ni kile kile walichokuwa wamewapa fereti wao.

Sidhani kama kuna chafya nyingine iliyowahi kufundisha watu kiasi hicho. Kirusi kilikuwa kimetoka kwa mtu, kikapita kwa fereti mmoja hadi mwingine, kisha kikarudi kwa mtu na kumwangusha na ugonjwa ule ule. Aliyekuwa bado anabisha kwamba homa ya mafua husababishwa na kirusi, hapo aliishiwa maneno.

Fereti ni mnyama mdogo, mwili mrefu, miguu mifupi, aliyefugwa Ulaya kwa karne nyingi ili aingie mashimoni na kuwatoa sungura. Huku kwetu hayupo, ila jamaa zake tunawajua: nyegere mla asali, fisimaji, na kicheche, yule ambaye ukimkera utarudi nyumbani na harufu yake.

Aliingiaje kwenye habari za mafua? Kwa mlango wa mbwa. Miaka ya 1920, Patrick Laidlaw na George Dunkin walikuwa Mill Hill, nje kidogo ya London, wakitafuta chanjo ya distempa, ugonjwa unaoua mbwa. Wakagundua kwamba fereti naye huupata, na kumfuga ni rahisi kuliko kufuga kundi la mbwa. Basi zizi la fereti likawepo tayari, tena lenye ulinzi wa ajabu: anayeingia alivaa koti na buti za mpira, na kuoshwa kwa dawa kali ya kuua vijidudu kabla ya kuwakaribia. Hayo yote ili ugonjwa wa banda moja usihamie la pili.

Mwanzoni mwa 1933 homa ya mafua ikaivamia London. Wakati huo wengi bado waliilaumu bakteria iliyoelezwa na Mjerumani Richard Pfeiffer mwaka 1892. Laidlaw, Wilson Smith na Christopher Andrewes wakachukua maji ya kusukutua kutoka kwa wagonjwa, wakayapitisha kwenye chujio ambalo bakteria haipenyi, wakawadondoshea fereti puani. Fereti wakapanda homa, wakaanza kupiga chafya na kutiririsha kamasi. Aliyewekwa banda moja na mgonjwa naye akaugua. Waliopona hawakuugua tena walipojaribiwa upya. Mmoja wa watu waliotoa maji hayo alikuwa Smith mwenyewe, ambaye naye alishikwa na mafua, na kirusi kilichotoka kooni mwake hadi leo kinaitwa WS, herufi za mwanzo za jina lake.

Kwa nini fereti, lakini? Jibu liko kwenye ukuta wa njia ya hewa. Kirusi cha mafua hakiingii ndani ya seli kabla ya kutia nanga kwenye gati maalumu, na gati hilo ni aina ya sukari iliyoning'inia juu ya seli. Virusi vya ndege hupendelea sukari iliyounganishwa kwa namna moja, vya binadamu kwa namna nyingine. Puani na kooni mwa fereti sukari hizo zimepangwa karibu sawa na zetu. Ndiyo maana virusi vya mafua vikitoka kwa mtu humshika fereti moja kwa moja, bila kuzoeshwa kwanza.

Hapo panya wa maabara anashindwa. Ni wa bei nafuu, anazaana haraka, na jeni zake zinajulikana, hivyo mtafiti anaweza kuzima jeni moja na kuona ulinzi wa mwili unavyoyumba. Mengi tunayoyajua kuhusu seli zinazopambana na virusi mapafuni tumeyapata kwake. Lakini panya hapigi chafya. Akizidiwa na mafua joto lake hushuka badala ya kupanda, na kwa kawaida hamwambukizi jirani yake. Zaidi ya hapo, aina nyingi za panya wa maabara zina hitilafu kwenye jeni iitwayo Mx1, ambayo kwa panya wa porini ni ngao dhidi ya mafua. Yaani unaweza kuwa unasoma vita ambayo askari mmoja muhimu hakuja.

Corona ilituonyesha jambo hilo hilo. Kirusi cha mwanzo cha 2020 kilishindwa kumshika panya wa kawaida, kwa sababu mlango wake wa ACE2, protini iliyo juu ya seli ambayo kirusi hicho hupitia, haukikubali. Ikabidi kurudi kwa panya waliopandikizwa ACE2 ya binadamu kule Iowa, Marekani, kwa ajili ya SARS, ugonjwa wa corona uliotangulia, kazi iliyochapishwa mwaka 2007. Hamsta, kwa upande wake, aliugua bila kubadilishwa chochote.

Ukitaka kujua kama kirusi kinarukia hewani, mwamuzi ni fereti. Vizimba viwili huwekwa ubavu kwa ubavu, ukuta wa katikati ukiwa na matundu: hewa inapita, miguu haigusani. Mgonjwa huku, mzima kule. Kila baada ya siku moja au mbili mzima hudondoshewa maji ya chumvi puani, anayapigia chafya kwenye kisahani, na kisahani kinakwenda kupimwa.

Kuna mnyama mwingine ambaye naona hatajwi inavyostahili: panya-pamba wa Amerika. Huyu huambukizwa RSV, kirusi kinachobana vifua vya watoto wachanga na ambacho watafiti wa Kilifi wamekifuatilia kwa miaka mingi. Mwaka 1966 chanjo ya RSV iliyouawa kwa fomalini ilijaribiwa kwa watoto Marekani. Katika kundi moja la watoto 31 waliochanjwa, 20 waliambukizwa RSV baadaye. Kati ya hao 16 walilazwa hospitali na 2 wakafariki. Chanjo ilikuwa imeuchochea ugonjwa. Miaka mingi baadaye panya-pamba waliopewa chanjo ya aina hiyo walionyesha madhara yale yale mapafuni: kingamwili zilitengenezwa kwa wingi, ila zilikishika kirusi bila kukizima. Tangu hapo, chanjo mpya ya RSV huulizwa kwanza swali hilo ndani ya mnyama kabla ya kumsogelea mtoto.

Fereti naye ana kazi nyingine ya kila mwaka ambayo wengi hawaijui. Vituo vya mafua, kama vile vya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba nchini Kenya, na taasisi ya virusi ya Entebbe, hukusanya sampuli za pua na koo, na baadhi ya virusi vyake hutumwa kwenye maabara kubwa za Shirika la Afya Duniani (WHO) kama ile ya London. Huko fereti ambaye hajawahi kuugua mafua huambukizwa kirusi kimoja tu, na wiki kama mbili au tatu baadaye damu yake hutolewa kingamwili. Kisha kingamwili hizo hukutanishwa na virusi vipya. Zikivizuia, kirusi hakijabadilika sana. Zikipwaya, huenda chanjo ya msimu ujao ikabidi ibadilishwe. Wataalamu hukutana mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, matokeo hayo yakiwa mezani.

Kasoro iko papo hapo kwenye sifa yake. Damu ya fereti yule ni ukurasa mweupe ulioandikwa mara moja, wakati mtu mzima wa miaka 50 amepigwa na mafua mara nyingi tangu utotoni, na mwili wake hujibu kirusi kipya ukiwa bado unavikumbuka vya zamani. Kwa hiyo siku hizi, pembeni ya chupa za damu ya fereti, kunakaa pia damu ya watu waliochanjwa, wakubwa kwa watoto, na mara nyingine chupa hizo mbili hazikubaliani.