Ukirenew, si lazima upate kipya
Hapa Mombasa tumezoea kuamini kwamba ukirenew, utapewa kitu kipya. Sivyo. Neno hili la Kiingereza, renew, lililoundwa kwa re ya Kilatini, yaani tena, na new, kipya, mara nyingi linahusu muda, si kitu chenyewe. Ukirenew kitabu cha maktaba unarudi na kilekile, na kurasa zake zilizokunjwa; kilichosogezwa ni tarehe. Mkataba wa duka kule Marikiti vilevile: mwaka mwingine, na mlango uleule unaokwama. Pasipoti ndiyo inayotuchanganya, maana hapo kweli kijitabu hubadilishwa. Kwangu mimi, kulitafsiri kwa Kiswahili, neno kuhuisha, yaani kutia uhai, lafaa kuliko kufanya upya. Hata wanandoa wanaorenew ahadi zao, bibi ni yuleyule.