Dropa Inayong'aa Si Lazima Iwe Safi: Dhana Potofu za Watengeneza Sabuni na Vipodozi vya Nyumbani

Siku ya kutengeneza sabuni au losheni, sufuria husuguliwa na fremu ya kumwagia sabuni hufutwa vizuri. Dropa, kile kifaa cha kunyonya na kudondosha matone, hupitishwa majini mara moja, kisha hurudishwa kikapuni. Ni kifaa kidogo, cha bei ndogo, na kioo chake kinaonekana hadi ndani, kwa hiyo ni nani atakayekishuku? Kumbe ndicho kinachoingia kwenye mafuta ghali kuliko yote mezani, kwenye kihifadhi (kinachozuia vijidudu kuota), na mwishowe kwenye chupa ya mteja. Ushauri mwingi unaozunguka kuhusu kukisafisha ama hukiharibu, ama hukiacha kichafu vilevile.

"Maji ya moto yanatosha"

Hayatoshi. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo maji ya moto huyayeyusha na kuyasogeza tu. Utando mwembamba hubaki ndani ya mrija, na zaidi ndani ya mpira wa kubinya, mahali ambapo jicho halifiki. Utando huo hupigwa na hewa ukachacha, na mafuta mapya yakipita juu yake nayo huanza kuchacha kabla ya wakati, maana mafuta yaliyochacha huchochea mengine. Nazi huvumilia kwa muda. Mafuta ya alizeti hayavumilii.

Kinachoondoa mafuta ni sabuni. Binyia mabaki kwenye karatasi kwanza. Vua mpira, utenganishe na mrija na kifuniko, kisha loweka vyote kwenye maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia, yenye sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Pitisha brashi nyembamba ndani ya mrija. Mpira ubinye na kuuachia ndani ya maji hayo mara nyingi, badilisha maji, rudia, hadi utelezi uishe. Suuza, na msuuzo wa mwisho uwe wa maji yaliyochemshwa yakapoa. Kisha nusa mpira: ukiwa bado una harufu ya karanga za zamani, utupe. Mrija unaweza kupata mpira mwingine.

Siki, ambayo wengi huiamini kwa kila kitu, haikati mafuta. Inafaa kuondoa madoa meupe ya chokaa yanayoachwa na maji ya kisima, basi.

"Chemsha kila kitu, vijidudu vitakufa"

Kwa mrija wa kioo ni ushauri mzuri, ila anza na maji ya baridi na uyapashe polepole, kwani kioo cha kawaida hupasuka kikitumbukizwa ghafla kwenye maji yanayotokota. Dropa za plastiki laini, zile zenye mrija na kibinyio kwa kipande kimoja, ni habari nyingine. Nyingi hutengenezwa kwa polithini nyepesi, nayo hulegea kwenye joto linalokaribia lile la maji yanayochemka. Dropa hupinda, mdomo wake hubadilika upana, na kipimo chake hakiaminiki tena. Zilitengenezwa kwa matumizi ya mara moja. Kwa mafuta matupu unaweza kuziosha na kuzitumia tena kwa mafuta yaleyale. Kwa losheni na kihifadhi, chukua mpya.

Hata kwenye kioo, kuchemsha huua bakteria walio hai, lakini mbegu zao sugu hupona. Mjini Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Bado yanafaa, lakini yasiitwe dawa ya kumaliza kila kitu.

"Spiriti ikiwa kali zaidi inaua zaidi"

Hii naisikia kila mahali, na ni kinyume. Spiriti, yaani alkoholi, ya asilimia 70 hufanya kazi vizuri kuliko ya 96, kwa sababu maji yaliyomo husaidia kuharibu protini za vijidudu, na haikauki haraka mno. Ukiwa na ya asilimia 96, chukua mililita 73 na ujazie maji yaliyochemshwa na kupoa hadi zitimie 100. Nyonya, acha ikae ndani kidogo, sukuma, na uache dropa ikauke yenyewe. Fanya hivyo mbali na jiko la mkaa, kwani mvuke wake hushika moto.

Tena, spiriti huja baada ya kuosha. Ikikuta utando wa mafuta, vijidudu vilivyojificha chini yake vitabaki salama.

Wanaopendelea dawa ya kufulia yenye klorini wakumbuke kwamba hula mpira na kuufanya uwe dhaifu, na ikichanganywa na siki hutoa gesi ya sumu. Mimi siitumii kwenye dropa.

"Chupa ya mafuta ya karafuu iachwe na dropa yake"

Hapa ndipo hasara hutokea kimyakimya. Pemba, kiwanda cha makonyo cha Wawi hutoa mafuta kutoka kwenye vikonyo vya karafuu, na sehemu kubwa kabisa ya mafuta hayo ni yujenoli, kitu kinachouma ngozi na kushambulia baadhi ya mipira na plastiki ngumu. Mvuke wake ukikaa na mpira wa dropa ndani ya kabati, mpira hulainika, hunata, na mwishowe chembe zake huanguka ndani ya mafuta uliyoyanunua kwa pesa nyingi. Mchaichai na maganda ya machungwa hufanya vivyo hivyo. Hifadhi mafuta ya aina hii kwenye chupa ya kioo cheusi yenye kifuniko cha kawaida, uingize dropa wakati wa kupima tu.

Na ukipima, usitegemee kanuni ya matone 20 kwa mililita. Hiyo inakaribia ukweli kwa maji. Mafuta hutoa matone madogo zaidi, na kila mdomo wa dropa una upana wake. Ukiosha dropa ya zamani au kubadilisha mpya, idadi hubadilika pia. Mafuta ya karafuu kwenye kipodozi kinachobaki mwilini yasizidi asilimia 0.5, yaani gramu 0.5 kwa gramu 100 za mafuta ya nywele. Kwa kiasi kidogo hivyo, matone machache ya ziada yanaweza kumuwasha mtu kichwa kizima. Nunua mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01.

"Dropa ya kostiki ikisuuzwa inafaa kwa serum ya uso"

Hapana. Kostiki soda, ile kemikali kali ya kutengenezea sabuni, iwe na vifaa vyake, vyenye alama, visivyovuka kwenda kwenye vipodozi vya uso. Inakula kioo polepole, na mabaki yake huunguza. Usiviloweke kwenye sufuria ya alumini pia, kwa kuwa kostiki hushambulia alumini na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Ikikurukia ngozini, ni maji mengi yanayotiririka, siyo siki.

"Maji yakiacha kudondoka, dropa imekauka"

Tone moja lililobaki ndani ya mpira linatosha kuleta matatizo. Bakteria kama Pseudomonas aeruginosa huishi vizuri penye unyevunyevu, na gel ya shubiri, maji ya waridi na losheni ni chakula chao. Kiwango cha kimataifa cha ISO 17516 huruhusu vijidudu visivyozidi 1,000 kwa gramu katika vipodozi vingi, na 100 tu kwa vya karibu na macho au vya watoto walio chini ya miaka 3. Dropa yenye unyevu ikiingia kwenye losheni isiyo na kihifadhi, mipaka hiyo huvukwa bila rangi wala harufu kubadilika.

Kausha vipande vikiwa vimetengana, mrija umesimama, mpira umeelekeza mdomo chini, juu ya kitambaa safi, ndani, mbali na vumbi. Jua la uani hukausha haraka, lakini halitakasi ndani ya mpira, na huuchakaza.

Kwa sababu hiyohiyo usijazie bidhaa mpya juu ya mabaki kwenye chupa. Mimina, osha, kausha, ndipo ujaze. Anayemuuzia mtu mwingine atumie dropa mpya kwa kila chupa. Na dropa iliyowahi kushika dawa ya wadudu au dawa ya macho isikaribie kabisa meza ya vipodozi.