Jongo: maswali ya aliyeamshwa usiku na dole gumba

Nililala mzima. Usiku wa manane nikaamshwa na maumivu ya dole gumba la mguu. Limevimba, lina joto, hata shuka likiligusa nalia. Sikumbuki kujikwaa. Nini hiki?

Huenda hukujikwaa kabisa. Hivyo ndivyo jongo, ugonjwa wa viungo unaoitwa pia gauti, hubisha hodi kwa watu wengi: ghafla, usiku, kwenye kiungo kimoja. Karibu nusu ya wagonjwa hushikwa kwanza kwenye shina la dole gumba, wengine huanzia kifundo cha mguu, goti au kifundo cha mkono. Maumivu hufika kileleni ndani ya saa 24, kisha hupoa yenyewe baada ya wiki moja au mbili. Ukiwa na ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu. Angalia kama ngozi imekaza, inang'aa na ina joto kuliko mguu wa pili.

Jambo moja halisubiri asubuhi: kiungo kilichovimba pamoja na homa, kutetemeka au kudhoofika mwili. Huenda bakteria wameingia ndani ya kiungo, nao wanaweza kukiharibu kwa siku chache tu. Hapo nenda hospitali usiku huohuo.

Maumivu makali kiasi hicho yanatokana na nini?

Fuwele. Mwili ukivunja purini, ambazo zimo katika seli zetu na katika chakula, hubaki asidi ya yuriki. Figo huitoa sehemu kubwa kwa mkojo, na utumbo hutoa iliyobaki. Ikizidi takriban miligramu 6.8 kwa kila desilita ya damu, haiyeyuki tena vizuri, bali huanza kuganda kama sindano ndogondogo ndani ya viungo. Vidole vya miguu viko mbali na moyo na vina ubaridi, ndiyo maana huathirika mapema. Sindano hizo zinaweza kutulia miaka mingi bila wewe kujua, hadi siku askari wa mwili wanapozigundua na kuzishambulia. Moto unaouhisi ni wa vita hivyo.

Kila mtu ananiambia ni ugonjwa wa walafi, niache nyama na bia nitapona. Ni kweli?

Kauli hii imeumiza wagonjwa wengi, nami ningependa ikome. Sehemu kubwa ya asidi ya yuriki hutengenezwa na mwili wenyewe, chakula huchangia kiasi kidogo. Na kwa wagonjwa walio wengi tatizo hasa ni figo zisizoitoa asidi hiyo kwa kasi inayotakiwa, jambo ambalo mara nyingi hurithiwa. Kuna mtu anayekula kwa kiasi na hanywi pombe, na bado anashikwa. Kumwambia alijitakia ni kumfanya afiche ugonjwa wake.

Angalia pia dawa unazomeza. Dawa za kukojoza wanazopewa wenye shinikizo la damu au moyo, aspirini ya dozi ndogo, na baadhi ya dawa za kifua kikuu, hasa pirazinamidi, hupandisha asidi ya yuriki. Usiache hata moja kwa uamuzi wako. Mwambie daktari, kwani wakati mwingine ipo mbadala: losartani, kwa mfano, hushusha shinikizo na asidi ya yuriki pia. Ugonjwa wa figo na unene navyo huongeza hatari. Wanawake hukingwa kwa kiasi na homoni zao, lakini baada ya hedhi kukoma kinga hiyo hupungua.

Chakula kina nafasi yake. Bia, pombe kali, soda na vinywaji vyenye sukari nyingi, maini, figo na sadini huweza kuchokoza shambulio. Punguza hivyo, kunywa maji, na kama una uzito mkubwa upunguze polepole, maana kufunga ghafla kunaweza kuleta shambulio. Maharage na mboga za majani hazina hatia unayosimuliwa. Ila hata mlo mkali kwa kawaida hushusha kiwango kwa takriban miligramu 1 tu. Aliye na 9 hatafika anakotakiwa kwa sahani peke yake.

Nilipima damu siku naumwa, nikaambiwa asidi ya yuriki iko kawaida. Basi si jongo?

Inaweza kuwa jongo bado. Wakati wa shambulio kiwango mara nyingi hushuka kwa muda. Rudia kipimo wiki mbili au zaidi baada ya maumivu kuisha. Kipimo cha uhakika zaidi ni kuvuta maji kidogo ya kiungo kwa sindano na kutafuta fuwele kwa hadubini maalumu. Maji hayohayo huonyesha pia kama kuna bakteria. Mahali pengine hutumiwa altrasaundi.

Na aliye na kiwango cha juu lakini hajawahi kuumwa?

Kwa kawaida hapewi dawa. Wengi wa aina hiyo hawapati jongo kamwe.

Shambulio likija, nitumie nini?

Dawa iliyo salama kwako, na mapema, ikiwezekana ndani ya saa chache. Ziko njia tatu: dawa za maumivu na uvimbe kama naproksini au ibuprofeni, kolchisini ya dozi ndogo, au prednisoloni kwa siku chache. Za kundi la kwanza hazimfai mwenye figo dhaifu, vidonda vya tumbo au anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda. Kolchisini ikizidi ni sumu inayoua, kwa hiyo usiongeze vidonge kwa sababu maumivu hayajaisha. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa husaidia pia.

Maumivu yakiisha, kwa nini nimeze dawa kila siku?

Kwa sababu yaliyoisha ni maumivu. Fuwele bado zipo. Ukituliza kila shambulio na kusahau, mashambulio husogeleana, viungo huliwa taratibu, na vinundu vigumu huota kwenye vidole, viwiko na masikio. Mwenye mashambulio mawili au zaidi kwa mwaka, vinundu, au kiungo kilichoanza kuharibika, anahitaji dawa ya kushusha asidi. Alopurinoli, iliyotumika tangu miaka ya 1960, ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Huanza kwa miligramu 100 au chini kwa siku, kisha hupandishwa kidogokidogo kwa kufuata vipimo vya damu.

Shika namba hii: asidi ya yuriki chini ya miligramu 6 kwa desilita. Maabara inayotumia kizio kingine, maikromoli kwa lita, itaandika chini ya 360. Mwenye vinundu hulenga chini ya 5, yaani 300. Ukikaa hapo, fuwele huyeyuka mwezi hadi mwezi, na hata vinundu husinyaa.

Nilianza alopurinoli, nikashikwa tena. Nikaitupa.

Pole. Hukuonywa, na ulistahili kuonywa. Fuwele zinapoanza kuyeyuka hutibuka, na miezi ya mwanzo mashambulio huweza kuongezeka. Ndiyo maana daktari huongeza kolchisini ya dozi ndogo kwa miezi 3 hadi 6. Shambulio likija usiiache alopurinoli. Sababu ya kuiacha papo hapo ni vipele, homa au vidonda mdomoni: hapo kimbia hospitali.

Nimtafute daktari gani?

Anza na daktari wa kawaida. Wagonjwa wengi hutibiwa vizuri na yeye. Bingwa wa jongo ni yule wa magonjwa ya viungo na baridi yabisi, si mpasuaji wa mifupa kama wengi wanavyodhani. Omba rufaa kwake ikiwa una vinundu, figo dhaifu, mzio wa alopurinoli, umeanza kuumwa kabla ya miaka 30, utambuzi una mashaka, au kiwango kimekataa kushuka. Hospitali za rufaa zinazofundisha madaktari ndiko mabingwa hawa hupatikana zaidi. Thibitisha usajili wake kwa baraza la madaktari la nchi yako. Pasipo naye, bingwa wa magonjwa ya ndani au wa figo anaweza kukusimamia.

Nenda na orodha ya dawa zako zote, tarehe za mashambulio, majibu ya asidi ya yuriki na ya kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo), na picha ya kiungo kilipovimba, maana siku ya miadi mguu unaweza kuwa mzima. Kisha muulize: tunalenga namba ngapi, na tutapima tena lini? Akikuandikia dawa ya maumivu pekee mara ya tatu bila kupima damu, tafuta daktari mwingine.

Bingwa yuko mbali sana na kwangu.

Mara moja kwa mwaka inaweza kutosha. Akuandikie mpango: dozi ya kuanzia, hatua za kuipandisha, namba inayolengwa. Daktari wa karibu nawe atapima damu kila wiki chache na kuufuata.