Meli ya ugavi ya jeshi la majini ni nini, na spea inamfikiaje fundi katikati ya bahari

Watu wengi wakisikia meli ya jeshi wanawaza mizinga na makombora, sawa, lakini manowari haiwezi kukaa baharini miezi bila kuletewa vitu, na anayeleta ni meli ya ugavi. Kwa lugha nyepesi ni stoo inayoelea, ina chakula, sabuni, sare, barua za watu, na kile ambacho mimi naona ndio roho yake kabisa, spea.

Mfano mzuri ni zile za Marekani za aina ya Mars. USS Mars yenyewe ilianza kazi Desemba 1963, zikajengwa saba jumla, zote kule San Diego. Zamani chakula kilikuwa na meli yake, spea za meli zina yake, vifaa vya ndege navyo vina yake, yaani manowari moja inasubiri wageni watatu. Mars ikabeba kazi zote tatu peke yake, tena ikawa na kompyuta ya kutunza hesabu ya stoo, na hiyo ni miaka ya sitini.

Sasa hapa kwenye spea ndio penye utamu. Tuseme pampu imeua beringi katikati ya Pasifiki, fundi haombi tu "beringi ya pampu" maana beringi ziko za kila saizi, anaandika namba ya tarakimu 13. Nne za mwanzo ni kundi, kwa mfano 3110 ni beringi na 5330 ni gasketi na pakingi, mbili zinazofuata ni nchi iliyokisajili hicho kitu, 00 au 01 ni Marekani, 99 ni Uingereza, halafu saba za mwisho ndio kitu chenyewe hasa. Ukikosea tarakimu moja unaletewa kitu kingine kabisa na pampu inabaki imelala.

Kukabidhiana ndio kazi ya roho mkononi. Meli mbili zinakwenda sambamba, mwendo uleule, katikati yao kama mita 50 hivi, upande mmoja wanafyatua kamba nyembamba, ile inavuta nene zaidi, nene inavuta waya, ndipo mzigo unaning'inizwa na kuvutwa juu ya maji yanayochemka pale kati, na anayeshika usukani hatakiwi kuzubaa hata sekunde. Njia ya pili ni helikopta, Mars zilikuwa na Sea Knight zenye seti mbili za mapanga makubwa, moja mbele moja nyuma, inaning'iniza wavu wa mizigo chini ya tumbo, inashusha kwenye deki, inarudi kuchukua mwingine.

Ukisoma historia ya utumishi ya meli kama hizi usitafute vita ilivyopiga, tafuta imehudumia nani na wapi. Mars zilihudumia sana manowari za Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Na zenyewe zilipata misukosuko, Agosti 1992 kimbunga Omar kilipiga Guam, kisiwa cha Marekani huko Pasifiki, kikazipandisha mwambani Niagara Falls na White Plains, zote mbili za ugavi.

Miaka ya themanini mwanzoni Marekani walinunua pia meli tatu za ugavi za Uingereza, Lyness, Tarbatness na Stromness, wakaziita Sirius, Spica na Saturn. Mimi hapa ndipo nawafikiria mafundi wake, meli inayobeba spea za wenzake halafu injini yake mwenyewe ni Sulzer ya dizeli iliyofungwa Uingereza, nayo inataka spea zake, na meli ya ugavi ikilala yenyewe ujue foleni nzima ya manowari imelala nyuma yake.

Mars ilizamishwa kama shabaha ya mazoezi 2006, Niagara Falls 2012. Kazi yao wakapewa meli za aina ya Lewis and Clark, ambazo zinabeba na risasi pia.